Milimita Nne za Maroa

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Uriri.
Harusi ya shemeji yangu Mourine ni Jumamosi, Kosele. Bibi harusi atapanda gari aina ya Alfa. Swali ni Alfa ya nani! Yangu ni ya injini ya 1300, niliachiwa na padri Mwitaliano aliporudi kwao. Ya Maroa wa Migori ni 1600. Amemwambia baba mkwe eti injini yangu ni ya kusaga mahindi. Nimesoma kitabu cha gari: pistoni zangu zina upana wa milimita 74, zake 78. Mtu mzima nidharauliwe kwa milimita nne!

Jumanne, 5 Agosti.
Fundi Mochama ameisikiliza injini kama daktari. Haina ugonjwa, anasema. Tusafishe kabureta, turekebishe vali, basi. Nikataka nguvu ya 1600. Akanikumbusha kuwa ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Fundi mwoga.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimepanua mwenyewe jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitisha petroli. Likinywa zaidi, litakimbia zaidi. Mke wangu Filister akauliza mbona ndugu yangu Walter hakimbii. Nimebandua namba 1300 pale nyuma ya gari, nimebandika 2000 niliyokata kwenye kopo la rangi. Moshi mweusi kidogo. Dalili ya nguvu!

Alhamisi, 7 Agosti.
Baba mkwe ameona picha ya 2000 niliyomtumia. Amenichagua! Nasikia Maroa hakula chakula cha mchana. Mimi nimekula mara mbili.

Jumamosi, 9 Agosti.
Yawa! Mlima wa kwanza tu, gari likakohoa, likazimika. Plagi zote nne nyeusi tititi. Nikazifuta kwa tai yangu. Wapi! Masizi yakaingia dirishani, shela ya Mourine ikawa na madoa kama kanga. Hakulia. Alishuka, akazunguka nyuma, akaigusa ile 2000. Ikambakia mkononi.

“Shemeji, hii injini ni ngapi?”

Nikanong'ona. Akaniambia niongeze sauti.

“Elfu moja mia tatu!”

Watu wa bodaboda wakapiga makofi.

Maroa akafika. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Alimpandisha Mourine kwake, akafunga kamba, akatuvuta mimi na Filister hadi kanisani, ili Filister asikose kumwona dada yake akiolewa. 1600 imebeba bibi harusi na kuikokota 1300, mbele ya kwaya nzima! Filister alilia kwa furaha. Mimi nililia pia. Sisemi kwa nini.

Jumapili, 10 Agosti.
Mochama amerudisha jeti za kawaida. Injini inaimba. Nimempelekea Maroa jogoo na kumshukuru. Mtu mwema kweli. Nimeapa mbele ya Filister: sitagusa injini tena.

Jumatatu, 11 Agosti.
Rafiki yangu Elvis wa Rusinga amepiga simu. Kuna mzee kisiwani anavuta maji ya kumwagilia sukuma wiki kwa injini ya Alfa. Ni 1750! Mzee mwenyewe hajui ana nini. Nimemwambia Filister naenda kununua samaki. Ameuliza samaki gani wanataka spana tatu na mnyororo wa kunyanyulia. Nimemjibu: mbuta, sangara wa kilo mia.