Mkono wa Mwalimu Melkizedeki Uliokataa Kushuka

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Ulitazama pembeni walipoitoa ngoma kubwa kanisani wakisingizia kwamba ngozi yake inanuka. Ukatazama pembeni mvua za El Nino zilipovuja ndani ya stoo ya mtaa wa kanisa, tarumbeta zikaota kutu ya kijani kama bustani ya mboga. Ukatazama pembeni tena kilipopandishwa mlimani kinanda cha umeme chenye ngoma ndani ya tumbo lake. Tena siku hiyo ulipiga makofi, ukapiga na picha. Hayo yote hayajasahaulika, na aliyekuwa amevaa shati la bluu pale mbele anajijua.

Basi leo hutazami pembeni. Sogea. Sogeeni nanyi nyote, enyi watu wa Gonja na wa Myamba, enyi mliohamia Same mjini mkajifanya hamkuzaliwa kwenye ukungu. Wekeni chini majembe, epueni sufuria za makande, zimeni simu zenu. Nanyi pepo za mlima Shengena, shukeni mkawape wasimulizi pumzi, maana habari yenyewe ni ndefu na pumzi ya binadamu ni fupi. Inatolewa habari ya vita vikuu vilivyopiganwa Jumamosi moja ya masika, ndani ya kanisa dogo la bati juu ya Myamba, kati ya mkono mmoja wa kuume na neno moja tu: Amina.

Alikuwako mtu, jina lake Melkizedeki mwana wa Aminiel, mkulima wa tangawizi siku sita na jemadari wa sauti nne siku ya saba, Mfuga Matarumbeta, Bega Lisilochoka, ambaye watu wa mtaa walimwita kwa kifupi Mwalimu. Ndiye aliyeongoza matarumbeta kwenye harusi ya Kwakoa, upepo wa tambarare ukabeba kofia za wapigaji, na ng'ombe wa watu waliposikia besi kubwa la shaba alilopuliza Loth wakaacha maji, wakaja kujipanga nyuma ya bibi harusi. Naye hakukatisha ubeti. Ndiye aliyeimbisha Gonja siku ya tamasha, spika zikazimika, akawageukia waimbaji akanena, "Spika ni ninyi!" wakasikika hadi ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyerekodi kaseti enzi za kaseti, baada ya kuwakamata kuku wote wa jirani na kuwafungia katika ofisi ya mchungaji, mchungaji akiwamo.

Silaha yake ilikuwa antena ya redio. Redio yenyewe ilikwisha kufa zamani, ikazikwa nyuma ya banda la mbuzi. Antena ikabaki, ndefu, yenye kung'aa, ya kuvutwa pingili kwa pingili. Viungo vyake vilikuwa vimelegea kama magoti ya mzee, lakini kwa kuwa muda wote ilikuwa ikikata hewa kushoto na kulia, haikuwahi kusimama tuli hata kidogo, na udhaifu huo hakuna aliyeujua.

Na hii ndiyo iliyokuwa sheria ya kwaya ile: antena ikipanda, watu huvuta pumzi, antena ikishuka, watu husema Amina. Melkizedeki mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawaingia damuni. Siku moja alikuwa gulioni Myamba akichagua nyanya, antena iko mkononi, akainama, nayo ikainama, na wanawake waliokuwa wakipanga ndizi upande wa pili wakaitika "Amina!" bila kujua ni nani aliyeomba nini.

Sasa sikilizeni shauri lilipoharibikia.

Marehemu mzee Aminiel, baba yake Melkizedeki, alitunga wimbo kwa Chasu, lugha ya Wapare, wa sauti nne na matarumbeta, ambao mwisho wake besi na tarumbeta hubaki peke yao zikishikilia noti moja, kisha huacha, na bati la kanisa huendelea kuimba lenyewe kidogo kidogo hadi linyamaze. Mzee alikuwa akisema wimbo wote ni mlango tu wa kuingilia mlio ule. Haukuwahi kurekodiwa hadi mwisho. Kwenye kaseti ile ya zamani ulikuwa wa mwisho, na utepe ukaisha njiani. Ndipo mtaa ukamwita Godwin, kijana mwenye studio Same mjini, akapanda na maiki zake na laptopu yake ili arekodi nyimbo zote upya. Zikarekodiwa zote. Ukabaki ule mmoja.

Wakauimba. Mwisho ukafika, mlio ukapaa, Melkizedeki akashusha antena, na kanisa zima likasema "Amina!" juu ya bati lililokuwa ndiyo kwanza linaanza kuimba.

"Mwalimu, hapo tumebugi," akasema Godwin akivua hedifoni. "Hiyo Amina imekaa juu ya mlio. Siwezi kuikata, nikiikata naondoka na wimbo."

Wakarudia. "Amina!" Wakarudia tena. "Amina!" Na juu ya Amina zote ilisikika moja, nene, iliyokomaa, ya mama Ernesta wa sauti ya pili, bibi wa wajukuu wasiohesabika, ambaye Amina yake iliwahi kumwamsha mgonjwa aliyekuwa amekwisha kuchangiwa jeneza.

Melkizedeki akasimama mbele yao akanena kwa upole wa majemadari: "Ndugu zangu, wapendwa wangu, wimbo ukiisha tusiseme neno. Neno lolote. Tumeelewana?"

"Amina!" wakaitika.

Kwenye benchi la mbele, karibu kabisa na sauti ya pili, alikuwa amekaa mzee Sifael, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Baba wa Kinanda, Mlinzi wa Ufunguo wa Stoo, yule yule aliyesema ngoma inanuka. Akainuka polepole, akafunga kifungo cha koti ili hotuba ipate heshima.

"Bwana Mwalimu, tumevumilia. Umeme umekatika tangu asubuhi. Betri ya kijana huyu inakata roho. Wingu lile juu ya Shengena mnaliona, na mkilisubiri, gari lake halishuki leo wala kesho. Barabara yetu mnaijua. Sasa kamati inasema hivi: jaribuni mara moja tu. Ikishindikana, wimbo wa marehemu unapigwa kwa kinanda, matarumbeta yanarudi stoo, na wewe ndugu yangu unapumzika, umefanya kazi nzuri. Kinanda hakikohoi. Kinanda hakichelewi mazoezi. Na kinanda, bwana, hakisemi Amina!"

Kwa kutafuta msisitizo akashusha mkono wake kwa nguvu, na watu watatu wa sauti ya nne wakasema "Amina."

 Melkizedeki alikijua kinanda kile. Alikijua kitufe chake cha tarumbeta, ambacho kikibonyezwa hutoa sauti ya mbu aliyesoma. Akauona wimbo wa baba yake ukitoka kwenye kitufe hicho, milele, katika simu za watu, nao wakidhani ndio wenyewe. Akamwendea mama Ernesta, akapiga goti nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Unataka kunisema."

"Sikusemi, mama. Nakuomba. Ile Amina..."

"Mwanangu, mimi siisemi!" Mama Ernesta akaushika mtandio wake kwa mikono yote miwili. "Inatoka yenyewe. Naibana hapa, inatokea hapa. Ni kama kwikwi. Wewe ukishusha kile chuma chako, mimi nimekwisha. Hebu nioneshe nione."

Akashusha antena kidogo.

"Amina," akasema mama Ernesta. "Umeona?"

Hapo, enyi watu, ndipo mbingu zilipofunguka. Melkizedeki akaitazama antena, akautazama mkono ulioishika, akaelewa kwamba adui aliyekuwa akimtafuta vinywani mwa kwaya alikuwa amekaa siku zote begani mwake. Neno lilikuwa na mlango mmoja, na bawabu wake ni yeye. Akavua viatu vyake vya Jumapili, maana vilikuwa vikilia kila akihama mguu. Akabaki na soksi, kidole kikubwa cha kulia kikichungulia nje kuangalia hali ya vita. Akasimama chini ya ngazi za madhabahu, madhabahu nyuma yake, jeshi mbele yake, akapaza sauti:

"Enyi sauti nne! Enyi wana wa shaba! Mkono huu umeshuka mbele yenu tangu wengine wenu mkibebwa mgongoni. Leo haushuki! Mtazameni huyu mfalme wa ncha," akaionesha ncha ya antena, "mpaka kijana Godwin ainue kidole gumba. Mvua inyeshe, haushuki. Nidondoke, nitadondoka nao ukiwa juu!"

"Noma sana," akasema Godwin. "Mwalimu, nikifumba macho usijali, nausikiliza mlio. Ukifa kabisa ndipo natoa gumba. Twende, betri inaonesha nyekundu."

Antena ikapanda. Wakavuta pumzi.

Wakaimba, na haijapata kuimbwa vile. Sauti ya kwanza ikapanda kama moshi wa asubuhi, sauti ya tatu ikaingia kwa wakati, jambo ambalo lenyewe lastahili tenzi zake. Tarumbeta zenye madoa ya kijani zikasahau kutu, na besi la Loth likatetemesha vumbi la miaka ya mchungaji wa kwanza. Ubeti wa mwisho. Noti ya mwisho. Antena ikakata hewa, ikasimama juu. Shaba zikanyamaza.

Na bati likaanza kuimba.

Mkono uko juu. Macho yote yako kwenye ncha. Godwin amefumba macho. Mashavu ya mama Ernesta yamejaa kama ya mtu aliyebugia kiazi cha moto mbele ya wageni. Loth amekumbatia besi, mate yananing'inia kwenye mdomo wa chuma, hayajadondoka.

Ndipo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, antena ikasimama tuli hewani. Na viungo vyake vilivyolegea vikakumbuka uzito. Pingili ya juu ikaanza kuzama ndani ya ya pili, taratibu, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mkono haukushuka, lakini ncha ilikuwa inashuka!

Melkizedeki akaiona. Akaziona pia kope za mama Ernesta zikiifuata, na midomo yake ikianza kuachana. Akainuka kwa vidole vya miguu. Ncha ikarudi pale pale ilipokuwa. Midomo ikafunga.

Pingili ya pili ikazama. Vidole vya miguu vilikuwa vimefika mwisho wa urefu wa binadamu. Bila kugeuka akatafuta ngazi kwa kisigino, akaipata, akapanda kinyumenyume. Soksi juu ya saruji haikutoa sauti. Pingili nyingine ikazama. Akapanda ngazi nyingine. Hivyo ndivyo alivyorudi nyuma na kwenda juu kwa pamoja, mwana wa Aminiel, antena ikifupika naye akirefuka, mpaka akafika juu kabisa ya ngazi za madhabahu, amesimama kwa ncha za vidole, mkono umenyooka, mkononi kimebaki kichuma cha urefu wa kidole, kama mtu anayechuma parachichi la jirani. Bega likawaka moto. Jasho likaingia jichoni, akaliacha liingie. Ncha, enyi watu, ilikuwa pale pale.

Bati liliimba kwa mbali sasa, jembamba, kama mzee anayekumbuka kitu barabarani. Melkizedeki akausikia wimbo wa baba yake hadi mwisho. Hakuwahi kuusikia. Siku zote alikuwa ameufunika na Amina.

Na katika dakika hiyo takatifu, kinywa kikafunguka. Hakikuwa cha mama Ernesta. Kilikuwa cha mzee Sifael! Naam, Baba wa Kinanda, aliyelelewa chini ya bati lile lile, aliyeyatazama yote hayo bila kupumua, akajikuta midomo yake inaachana yenyewe na ile "A" imekwisha kupanga safari. Mama Ernesta alimwona kwa pembe ya jicho. Hakugeuza kichwa. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, mkono wa kupalilia, akamziba mwenyekiti wa kamati kinywa na pua kwa ncha ya mtandio, akamshikilia hapo kama anayeziba bomba lililopasuka, huku macho yake mwenyewe hayajaiacha ncha.

Bati likanyamaza. Mate ya Loth hayakudondoka.

Godwin akafumbua macho, akabonyeza kuhifadhi, akainua kidole gumba.

Mkono ukashuka.

"AMINA!"

Haijapata kutokea. Mbuzi wa mtaa mzima walikata kamba. Godwin alivua hedifoni kana kwamba zinawaka. Lile wingu la Shengena likaanguka lote kwa mara moja juu ya bati, na Loth akaanza kucheka ndani ya besi, ikatoka sauti ya ng'ombe wa Kwakoa.

"Imeingia?" Melkizedeki akauliza kutoka juu ya ngazi. Hakuweza kushuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Imeingia yote, Mwalimu. Betri imezima baada ya kuihifadhi. Aisee, mzee wangu, wewe ni mtu mbaya sana."

Mzee Sifael, alipoachiwa, alihema, akarekebisha koti. Akamtazama mama Ernesta. "Mama, ungeniua."

"Ungeiharibu, baba."

 Mzee Sifael akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa stoo, akampa Loth bila hotuba yoyote, na hilo nalo liandikwe katika historia.

Mnafurahi. Naona mnafurahi, mnafuta machozi ya kicheko, na sasa hivi mtageuza kurasa. Hapana. Mtaa wenu nao una stoo. Nyuma ya viti vibovu na maturubai ya harusi, kuna tarumbeta ndani yake, imelala kifudifudi, na buibui amejenga katika kinywa chake tangu mlipotazama pembeni. Inuka. Usingoje kikao wala masika yaishe. Nenda kwa mwenye ufunguo, umsalimu kwa heshima, na asipoutoa kaa mlangoni kwake mpaka autoe. Itoe tarumbeta nje, ipanguse kwa shati lako hilo la bluu, puliza. Na ukiisha kupuliza, ngoja bati limalize. Ndipo useme Amina.