Divai ya Kijapani kwa Shangazi Rahab

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimealikwa! Jumamosi, chakula cha mchana mjini Woodbury, kwa Shangazi Rahab aliyemlea mpenzi wangu Nkirote. Nkirote kasema wazi: shangazi akinikataa, hakuna harusi. Tatizo, Griffins naye kaalikwa. Griffins anamtaka Nkirote, na ana nyumba, gari jipya na meno mazuri. Atapeleka mbuzi, namjua. Mimi nitapeleka divai nyekundu ya Japani! Nimempigia shangazi kuuliza kama naweza kuja na divai. Akasema Mungu anibariki mwanangu, vijana wa siku hizi hawafikirii mambo hayo. Sauti ilimtetemeka. Griffins kwisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Muuzaji wa duka la vileo kanifundisha nusu saa nzima. Zabibu yake inaitwa Muscat Bailey A. Divai nyepesi, inanukia stroberi. Huenda vizuri na kuku wa kuchoma aliyepakwa sosi tamu ya soya, na nyama iliyopikwa kwa soya na sukari, hata na samaki aitwaye mkunga. Nimeandika yote kiganjani. Mkunga nilimwona kwenye friza. Nyoka yule! Nimechagua kuku.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi ya mishikaki ya kuku hapa kwangu Coon Rapids. Sukari iliungua, king'ora cha moshi kikalia, Ian ninayeishi naye akatoka chumbani amejifunga shuka. Aliuliza kama shangazi, mlokole wa miaka arobaini, anajua kwamba hiyo ni pombe. Nikamjibu nilisema divai, naye akabariki. Ian akasema kanisani kwa shangazi divai ni juisi ya zabibu. Wivu tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilifika na mishikaki yangu, chupa nimeifunga mkanda wa kiti. Sebuleni: kitambaa cheupe, mchungaji, akina mama tisa, vikombe vidogo vya Meza ya Bwana. Shangazi alitangaza kwamba mimi, Jotham, ndimi niliyejitolea kuleta divai. Makofi! Nilipaswa kusema hapo hapo kwamba ni pombe. Niliinama kupokea makofi. Mchungaji akamimina. Griffins alinusa kikombe chake, akanitazama, akatabasamu. Nkirote alinikazia macho. Mchungaji akaomba, sala ndefu, nami nikaombea iendelee mpaka jioni. Amina. Shangazi akainua kikombe, kikagusa mdomo.

Nikapiga kelele kwamba ina kilevi asilimia kumi na mbili na inafaa kwa kuku!

Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo. Shangazi aliweka kikombe chini, akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikasema nilisema divai. Kisha akamgeukia Griffins, akamuuliza yeye aliyenusa alikuwa anangoja nini. Griffins akashusha kikombe haraka! Shangazi akasema angalau mimi nimepiga kelele. Nirudi Jumamosi ijayo, mikono mitupu. Nkirote alinisindikiza hadi kwenye gari akanisihi, please Jotham, kuja tu, usilete kitu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimenusurika, nashukuru sana. Ila nani huenda ukweni mikono mitupu? Mtego huo. Chupa imebaki nusu. Nimempigia yule muuzaji. Anasema nyama ya ng'ombe ikilala ndani ya divai hiyo siku mbili, na soya kidogo, inalainika ajabu.

Shangazi akiuliza, nitamwambia ni mchuzi.