Kiti cha Bibi Pelletier

Jumatatu, 15 Mei

Solange amepandisha sauti. Mke wangu hukasirika kwa kushusha sauti, kwa hiyo ikipanda natulia. Leo ilipanda, kisha ikashuka. Nikaacha kijiko ndani ya supu nikasikiliza.

Jambo la kwanza: Jumapili wazazi wa mchumba wa binti yetu Clotilde wanakuja kwa chakula cha mchana, kutoka Limoges huko. Hatujawahi kuwaona. Baba mtu alikuwa mwalimu mkuu, anasemekana hacheki. Tutakuwa kumi na wawili mezani. Jambo la pili: meza haionekani.

Hiyo ni chumvi. Meza inaonekana kabisa ukisimama mlangoni na kuinama kidogo. Mbele yake ziko saa saba za ukutani (zimesimama zote, ila kila moja kwa wakati wake, hivyo siku nzima kuna angalau moja inayokaribia kusema kweli), chupa arobaini na moja za duka la dawa la zamani, benchi la kanisa, kiti cha kinyozi, na beseni la kuogea la chuma lenye miguu ya simba. Solange huviita takataka. Mimi huviita yatima. Nimekuwa msimamizi wa stesheni hapa Vaucelle miaka thelathini na minne. Nimeona kwa macho yangu jinsi watu wanavyosahau vitu. Lazima awepo mtu wa kuvipokea!

Amesema chumba kisipokuwa wazi kufikia Jumapili, tutakula kwa Bibi Pelletier. Bibi mwenyewe ameshajitolea. Solange ameshamshukuru!

Bibi Lucette Pelletier, jirani, mjane wa muuza nyama. Mwanamke aliyenipora kiti. Miaka sita iliyopita, kwenye mnada wa nyumba ya mwanasheria, viliuzwa viti viwili vya mikono, migongo mirefu, mapacha kabisa. Cha kwanza nilikipata. Cha pili kilipotajwa nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka, kilikuwa chake. Tangu hapo mapacha wanaishi mbalimbali, ukuta mmoja kati yao.

Sasa binti yangu wa pekee aje aposewe humo ndani? Hapana. Nina mpango.

Jumanne, 16 Mei

Mpango ni huu. Nikipata kiti chake, nitaviweka viwili kwenye ncha mbili za meza, na wageni hawatatazama kitu kingine. Ila Bibi hauzi. Nimemwomba mara tisa. Basi lazima akichoke mwenyewe.

Saa nne nikabisha kwake na kopo la nyama ya nguruwe ya kupaka mkate, kwa ajili ya ujirani mwema. Mfukoni nilikuwa na kibahasha cha unga wa mbao, nimeusaga mwenyewe kwa msasa. Alipokwenda jikoni kutengeneza kahawa nikapiga magoti, nikamwaga vichuguu vitatu vidogo chini ya miguu ya kiti. Kazi safi. Unga uliniingia puani, nikapiga chafya saba. Bibi akauliza kutoka jikoni kama nina mafua. Nikasema ni huzuni.

Aliporudi nikanyoosha kidole polepole, kama daktari mwenye habari mbaya. Dumuzi, nikamwambia. Wadudu watafuna mbao. Kiti hiki kinaliwa kutoka ndani, Bibi, na wakimaliza hapo watahamia kabatini, kisha darini. Akashika kifua. Nikajitolea kukiondoa leo hii nikakichome moto, bila malipo.

Akasema atafikiri. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 17 Mei

Hakufikiri. Alisema!

Kwenye duka la mikate asubuhi foleni ilifunguka mbele yangu kama nimebeba kinyesi. Muuzaji amenipa mkate kwa koleo. Kijiji kizima kinajua kuwa nyumba ya Bibi Pelletier imeingiwa na dumuzi, na kijiji kizima kimejiuliza swali moja: dumuzi hawana miguu ya kutembea barabarani, sasa wametoka wapi? Nani amemtembelea? Nani hubeba kila kibao kinachotupwa kuanzia hapa hadi Le Mans?

Mzee mmoja wa kanisani alinitazama koti. Akaniambia, “Anselme, mwanangu, hebu jikung'ute kwanza kabla hujaingia.”

Solange ameniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akasema sauti ya mtu ambaye hajafanya kitu huwa haitetemeki.

Haidhuru. Kesho ni Sikukuu ya Kupaa Bwana, gulio letu la vitu vikuukuu. Nitauza nusu ya yatima, chumba kitapumua, na Bibi Pelletier atakula chakula chake peke yake.

Alhamisi, 18 Mei. Kupaa Bwana

Wote wamepaa isipokuwa mimi.

Nilifika alfajiri, nikapata nafasi bora kuliko zote, mbele ya ngazi za kanisa. Saa tatu uwanja ulijaa. Mbele ya meza yangu palikuwa na nusu duara ya hewa tupu. Watu walipita pembeni kama maji yanavyopita jiwe. Mwanamke mmoja alishika chupa ya dawa, akasikia jina langu, akairudisha na kujifuta mkono kwenye sketi. Chupa! Nikamwita: mama, dumuzi hawali kioo! Akanijibu bila kugeuka kwamba wa kwangu huenda wanakula.

Ng'ambo, Bibi Pelletier aliuza mpaka kitambaa cha kufunikia meza. Alinipungia mkono.

Saa saba mvua. Nimerudi na kila nilichoondoka nacho, pamoja na kichwa cha nguruwe mwitu kilichokaushwa. Hicho sikukusudia kukinunua. Kilinitazama tu. Siku nzima kilikuwa kiumbe pekee kilichonitazama kwa wema.

Solange amekiona. Sauti yake imeshuka hadi sakafuni.

Ijumaa, 19 Mei

Ushindi! Ushindi!

Saa mbili asubuhi nimechungulia dirishani: kiti kiko nje, kando ya geti la Bibi Pelletier, kimefungwa kamba nyekundu na kikaratasi kisemacho KUCHOMWA. Nilikimbia na toroli nikiwa bado na ndara. Nilikuwa nimeshakipakia aliposema kutoka dirishani kwake, “Bwana Guérard! Hee! Huogopi dumuzi?”

Nikamjibu kwamba mtu mmoja lazima ajitoe mhanga kwa ajili ya mtaa.

“Basi kichukue, baba. Mungu akubariki. Tena ukibebe vizuri, usikitikise sana.”

Nilitarajia matusi. Upole ule ulinitia wasiwasi kama dakika moja hivi. Kisha nikaviona vile viti viwili ubavu kwa ubavu ukumbini kwangu, baada ya miaka sita, na machozi yakanilenga. Nimevipaka nta vyote viwili. Chake kinanyonya nta kama mkate unavyonyonya mchuzi. Mbao za zamani zina kiu.

Jumamosi, 20 Mei

Nimehamisha kila kitu peke yangu. Zile saa saba ziko ngazini. Chupa ziko chini ya kitanda chetu. Benchi la kanisa liko bafuni, na sasa mtu akitaka kunawa hana budi kupiga goti. Nguruwe yuko chumbani kwa Clotilde; nimemgeuzia ukutani kwa heshima.

Beseni pekee limekataa. Halipiti mlangoni. Sijui liliingiaje, nadhani nilikuwa kijana. Nimeweka ubao juu yake, nimetandika kitambaa cheupe mpaka chini. Imekuwa meza ya pembeni, nzuri tu, kwa ajili ya jibini.

Solange ameingia. Akasimama katikati ya chumba, akazunguka mara moja, polepole, mikono wazi. Akasema alikuwa amesahau kwamba sakafu ni ya vigae vya buluu. Kisha akanibusu shavuni. Nikajiambia: Anselme, huu ndio ushindi, mengine ni mbwembwe.

Amemwalika Bibi Pelletier kahawa ya kesho, kumfariji kwa kuikosa shughuli. Sawa. Aje aone mapacha.

Jumapili, 21 Mei

Naandika usiku huu, sijui nione aibu au nicheke.

Wageni walifika saa sita unusu. Rémi, mchumba, tunamjua. Mama yake ni mtu wa tabasamu. Baba yake, Bwana Fulbert Castagnier, ni mrefu, mkavu, kama rula. Nikampa kiti cha heshima, kile kipya. Akakaa wima. Alikula kondoo wima. Clotilde alinitupia jicho la kuomba msaada, nikamimina divai.

Tukafika kwenye jibini. Bibi Pelletier ameshaingia, kaketi kona, anasubiri kahawa yake. Solange akasema jambo la kuchekesha kidogo, na Bwana Castagnier, kwa mara ya kwanza, akalegea. Akaegemea nyuma.

Kiti hakikuvunjika. Kuvunjika kuna sauti. Hiki kilihema tu, puu, kikageuka unga. Mwalimu mkuu akatoweka chini ya meza. Akiwa anakwenda chini alidaka kitambaa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha beseni. Jibini tano zikamfuata.

Unga mweupe ukielea juani.

Bibi Pelletier ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kiti kile kimeliwa na dumuzi tangu majira ya baridi ya mwaka juzi, na alikuwa hajui amtupie nani bila kuaibika mtaani. “Halafu akaja Bwana Guérard na kibahasha chake! Mbao yenyewe ya mwerezi, nyekundu! Dumuzi wangu mimi wananya unga mweupe, baba. Nilikuona kupitia kioo cha kabati, umepiga magoti kama unaungama.”

Macho yote kwangu. Nikatamani sakafu inimeze, vigae vya buluu na vyote. Solange alikuwa amefumba macho. Clotilde alikuwa amefunika uso, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Nikaanza kuomba radhi.

Ndipo sauti ikatoka chini ya meza.

“Hii ni miguu ya simba?”

Bwana Castagnier alikuwa kwa magoti na viganja, jibini begani, anapapasa beseni langu. Akauliza nimelitoa wapi. Nikamwambia. Akauliza kama lina mhuri wa kiwanda chini. Nikamwambia lina. Akalala chali juu ya vigae, suti na yote, akauchungulia, akatoa mlio kama wa mtoto aliyepewa pipi.

Mkewe akashika kichwa. “Mama yangu!” akamwambia Solange. “Wa kwako naye yuko hivi?”

“Miaka thelathini na nane,” akasema Solange.

“Wangu ana mizinga miwili ya vita gereji. Gari linalala nje.”

Wakatazamana kama dada waliopotezana vitani. Solange akaenda kukaa karibu naye na hawakuachana tena. Clotilde alikuwa analia kweli, kwa kucheka, kichwa kwenye bega la Rémi. Mimi na Fulbert (tunaitana kwa majina sasa) tulijaza beseni maji ya kisima tukapoza ndani yake chupa za mvinyo wa tufaha. Kisha nikampandisha ngazini kumwonyesha saa. Akanionyesha kwamba moja inaweza kufufuka. Bibi Pelletier aliimba. Harusi ni Septemba.

Wakiondoka, Solange alinishika mkono getini, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, si ya juu wala ya chini. Akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia ndiyo, mke wangu. Nililitamka kwa moyo wote.

Jumamosi, 27 Mei

Nimejifunza mambo mawili: usimdanganye jirani, na pima mlango kabla ya kununua.

Leo Fulbert amenipitia na gari lake kubwa, tukaenda gulio la kijiji kimoja karibu na Alençon. Kutazama tu. Solange yuko Limoges kwa mama Rémi, wanachagua vitambaa, anarudi Jumatano.

Kulikuwa na kizimba cha kuungamia, cha kanisa lililofungwa. Mwaloni mtupu. Vyumba vitatu, dirisha la vitobo, pazia la zambarau, hakuna tundu hata moja la dumuzi. Tumekikagua kwa tochi, ubao kwa ubao. Fulbert amenishika mkono. Mimi nikamwambia: tulia, safari hii tunafanya kwa akili. Nikatoa futi, nikakipima mara tatu. Nikampigia simu Bibi Pelletier, sasa tunapatana vizuri, nikamwomba aingie kwangu akapime mlango.

Hakipiti. Kinazidi kwa kiganja kizima.

Dirisha la chumba cha kulia nalo pia ni dogo. Lakini Bibi amegonga ukuta wa upande wa bustani kwa kijiti, anasema sauti yake ni ya matofali membamba. Fundi mwashi anakuja Jumatatu kuutoboa. Jumanne tutakuwa tumeshaziba tundu.