Ombi la Kuwasajili Wezi wa Seva Kuwa Wanachama

Jeniffer Kathure,
Mtunza Seva, Ushirika wa Wafugaji wa Mwireri,
Ruring'u, Nyeri.

Bwana Mwenyekiti Wahome,

Nakuandikia kwa heshima yote niliyobaki nayo.

Mwezi wa Machi tulikodi seva ya kutunzia rekodi za ng'ombe wa wanachama: siku ya kupandishwa, ya chanjo, ya kuzaa. Kamati ilichagua ile ambayo mwenye kukodisha anatoa mashine tu, ulinzi ukabaki juu yetu. Nikashauri tuweke kinga, ile mafundi huita faiawoli, ifunge milango yote ya seva isipokuwa miwili: mmoja wa wanachama kusomea rekodi, mwingine wangu wa kufanyia kazi. Yaliyofuata ndiyo malalamiko yangu.

1. Ushauri wangu ulipelekwa kwa kamati ndogo ya watu watatu, ambao kwa pamoja wana kompyuta moja, nayo imeharibika. Mzee Gikonyo aliuliza, "Sasa wewe Kathure, ati tufunge kila mahali? Na mgeni akikuja?" Nikamjibu kwamba wageni wa seva hubisha mara elfu mbili kwa siku, na hawaji kunywa chai. Kwenye kumbukumbu za mkutano iliandikwa kwamba nina kiburi.

2. Kinga tatu zililetwa mezani. Ya kwanza ilikataliwa kwa kuwa ni ya bure, na kitu cha bure hakiwezi kuwa kizuri. Ya pili ilikataliwa kwa kuwa si ya bure. Ya tatu ilipendwa na wote kwa sababu tangazo lake lina picha ya simba. Ikanunuliwa.

3. Kisha kila mjumbe wa kamati nzima akadai mlango wake, kwa usawa. Wajumbe tisa, milango tisa. Bwana Theuri alichagua neno la siri "theuri". Madam Ngendo, ambaye ni makini zaidi, alichagua "ngendo1".

4. Siku ya nane wezi waliingia. Rekodi zikafutwa, mahali pake pakawekwa matangazo ya kamari. Hapa naomba niache mzaha kidogo. Mama Wangui wa Wamagana alikuwa akitegemea ujumbe wetu wa simu kumkumbusha siku ya ng'ombe wake kuzaa. Ujumbe haukwenda. Alikuwa mazishini Karatina ng'ombe alipozaa peke yake kwenye mtaro, na ndama akafa majini. Alinipigia simu. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwani mlisahau?"

5. Kamati ilichukua hatua kali. Iliniagiza niandike kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi nyekundu, "MBWA KALI". Niliandika. Wezi walirudi Alhamisi wakarekebisha, ikawa "MBWA MKALI".

6. Kwa hivyo naomba rasmi wezi hao wasajiliwe kuwa wanachama kamili. Wanahudhuria kila siku bila marupurupu, hawajawahi kuahirisha mkutano, na Kiswahili chao ni sanifu. Ikiwezekana, mmoja wao agombee kiti chako, kwa kuwa mlango wako tayari anao.

Salamu kwako, kwa Mama nyumbani, kwa kamati nzima, na kwa wote wanaofika kwenye mizani ya maziwa asubuhi.

Ni mimi, niliyeonywa mara mbili kwa maandishi,
Jeniffer Kathure

Tanbihi: Kabla ya kutuma barua hii nilichoka kuingoja kamati, nikawasha ile kinga ya bure na kufunga kila mlango. Inafanya kazi vizuri kabisa. Nilisahau kuacha wangu wazi, kwa hivyo sasa niko nje pamoja na wezi. Waliotukodishia seva wanasema watanifungulia nikiwasomea nambari watakayotuma kwa simu yako, kwa kuwa ndiyo iliyosajiliwa kwao. Nambari hiyo wameonya usimpe mtu yeyote. Tafadhali nitumie.