Vinundu na Sweta ya Shangazi

Jumatatu, 13 Januari

Hili sijamwambia yeyote: sijui kutumia kijiti. Tangu nije Garsen kujifunza kufuma, Mwalimu Barnabas akiuliza nani hajaelewa, natazama sakafu. Wenzangu huinua nyuzi kwa kijiti bapa nyuma ya kitana cha mtambo, na vitambaa vyao vinaota matuta. Changu bapa kama kaniki. Hodan wa darasa letu, binti wa mwenye duka, kasema wallahi dada, hicho tutachujia chai. Darasa zima likacheka!

Ijumaa ya wiki ijayo atachaguliwa msichana mmoja abaki kufundisha wapya. Wengine nyumbani. Kwetu ni Kilelengwani, kuamia ndege, kuwafukuza mpungani. Maisha yangu yote. Ndege!

Jumanne, 14 Januari

Mpango! Mwalimu kasema sufu ikioshwa kwa maji moto hunywea, pamba hainywei. Ukifuma mistari ya zote mbili, pamba hufura yenyewe. Vinundu bila kijiti! Sufu nitaitoa wapi? Sweta ya mtumba ya Shangazi Kanze, ninayekaa kwake. Huivaa alfajiri akikaanga mahamri. Nimekata pindo, nikafumua safu chache. Hataona.

Alhamisi, 16 Januari

Kipande cha majaribio kimefaulu. Kama mgongo wa mamba! Mwalimu kakipapasa, kaita wengine. Hodan kauliza nimetumia kijiti gani. Nikajibu: changu. Sasa Mwalimu anataka kitambaa kizima cha meza ya wageni. Nimefumua tena. Shangazi kaniuliza kama ananenepa, mbona sweta inapanda. Nikasema kidogo. Hakula chapati yake. Nikaila mimi.

Jumatano, 22 Januari

Sweta imefika mbavuni. Shangazi kaacha sukari. Kamwambia jirani kwamba mwili wake umemsaliti uzeeni. Nilitaka kusema. Nikaona haya.

Lakini kitambaa kimekwisha! Kinaenea meza, kona hadi kona. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Ijumaa, 24 Januari

Nilikiosha kwa maji yanayochemka, vinundu viwe vikubwa. Vimekuwa. Kitambaa kizima sasa ni kama kofia. Mwalimu kakiweka katikati ya meza, kakizungusha, kauliza kilichobaki kiko wapi.

Hodan hakucheka. Hilo ndilo baya zaidi. Kachaguliwa yeye, kisha kanifuata mlangoni. Kasema dada, ungeniuliza tu, ningekuonyesha kijiti, hata leo njoo. Nikasema asante, najua.

Shangazi kanifungia mahamri ya safari. Kasema nisihuzunike, na yeye amejinyima siku zote hizi na sweta haina habari. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 26 Januari

Kilelengwani. Nimepiga debe tangu asubuhi. Ndege wanaruka, wanatua palepale, wanaendelea kula. Mama kasema angalau niko nyumbani.

Nimewaza sana kosa langu, na nimelipata: sufu ilikuwa kidogo! Ningefuma kitambaa mara nne ya meza, kingenywea kikatosha. Mwalimu angekiona, angeniita tena.

Baba ana blanketi la sufu, zito, la kijivu. Hulala fofofo. Nimeanza upande wa miguuni. Safu chache tu. Wewe unayesoma, nakuomba: akilalamika kwamba vidole vinapata baridi, hujui lolote. Nami sijui.