Bahasha Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 1 Septemba

Naanza kuandika kwa sababu haki haitendeki. Polisi hufundishwa kuandika.

Watafiti wamekuja hapa Kyebando na unga wa protini ya maziwa, ile inayopatikana kwenye maji yanayobaki jibini likishaganda. Maji yaleyale mama yangu aliyokuwa akiwapa mbwa! Sasa yanakaushwa, wazee wananyweshwa kwenye uji kwa wiki kumi, ionekane kama misuli itarudi. Nusu ya wazee wanapata unga wenyewe. Nusu wanapata unga wa mahindi uliotiwa ladha ya maziwa. Nani kapata upi? Hakuna anayejua, hata nesi. Daktari Babra anasema siri hiyo ndiyo utafiti wenyewe.

Mimi walinikataa. Eti nina nguvu mno. Sajenti mstaafu Olal, miaka ishirini na miwili mtunza vielelezo vya kesi, kukataliwa kwa kosa la afya!

Mke wangu Acayo walimchukua. Kifua kikuu kilimwacha mwaka jana, lakini kiliondoka na miguu yake. Alikuwa anaongoza kwaya. Siku hizi anaimbia kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa kanisa, kwa sababu ndani wenzake wamesimama. Anataka kitu kimoja tu: siku ya kwaya, tarehe 12 Oktoba, asimame wimbo mzima.

Leo ni mwisho wa wiki ya nne. Kapimwa. Kuinuka kitini mara tano bila kushika popote. Kaweza mara tatu. Sawa, mwanzoni hakuweza hata moja. Lakini Mubarak kaweza zote tano, mikono kaikunja kifuani!

Jumatano, 3 Septemba

Mubarak ni jirani. Ana duka la mchele na sukari, na mwaka jana aliugua kama Acayo. Leo kawaonyesha wateja jinsi anavyoinuka. Mara tano. Mteja wa sita alipoingia, akaanza upya.

Nimechunguza. Unga hutolewa kila wiki katika bahasha zenye namba, na Mubarak ana namba 18. Acayo ana namba 17. Kwa hiyo 18 ndiyo protini, na mke wangu analishwa mahindi. Kesi imekwisha. Ni kweli Mubarak anapanda kilima kwenda msikitini mara tano kwa siku, na kila rakaa ni kuinama na kuinuka. Hilo halihusiani.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa!

Mubarak hawezi kuacha duka, hivyo aliniomba nimchukulie bahasha yake kwa Nesi Juliet kila Jumatatu. Alisema mkononi mwa afande hakipotei kitu. Kweli kabisa. Katika stoo yangu alipotea mbuzi mmoja tu, na yule alikula kamba yake mwenyewe.

Nikapitia nyumbani na bahasha zote mbili. Acayo alikuwa uani. Birika jikoni. Gundi ya serikali huhitaji mvuke wa dakika mbili, hii imeachia kwa moja. Vipakiti vyote ni vyeupe, vinafanana. Vya 17 nikavitia kwenye 18, vya 18 kwenye 17. Nikafunga. Hata jaji asingejua.

Mubarak kanishukuru kwa kilo ya sukari. Nimeipokea.  

Jumapili, 21 Septemba

Uji wa Acayo nakoroga mwenyewe siku hizi. Napiga na mluzi. Leo kauliza kama nimekoroga vizuri, maana zamani uji ulikuwa na povu juu na siku hizi hauna. Nikamwambia povu ni hewa tu. Akanitazama muda mrefu, kisha akanywa wote. Akasema asante.

Kuinuka, ameinuka kwa kushika bega langu. Ni uchovu. Unga mzuri huchukua muda.

Jumatatu, 29 Septemba

Kapimwa tena. Kaweza mara moja.

Nesi Juliet aliisoma karatasi yake, akaisoma tena. Akamwambia Acayo asijali, nyabo, yaani mama, siku hazifanani. Acayo akacheka. Kisha akaenda kujifungia chooni, na mimi nikasimama nje kama mlinzi, nikisikia. Moyo uliniuma sana. Sijui niandike vipi zaidi ya hapo.

Bahasha za wiki hii nimezibadilisha vilevile. Askari haachi kazi katikati.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya kwaya. Alivaa gauni la buluu, nikamfunga kitambaa cha kichwa. Aliingia ndani. Akasimama na wenzake!

Ubeti wa kwanza alisimama. Wa pili magoti yakaanza kucheza. Wa tatu akashuka polepole, bila kelele, akakaa kwenye ngazi ya madhabahu, lakini hakuacha kuimba. Sauti ni ileile. Mimi niliinamia kitabu cha nyimbo, sikuona herufi hata moja.

Nje tulimkuta Mubarak. Alikuwa amebeba kiti cha dukani kwake kichwani, toka dukani hadi kanisani. Alisema alifikiri huenda mama atachoka. Nilishindwa kumtazama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo Daktari Babra amefungua siri, wazee wote wamekaa chini ya turubai.

Namba 17: protini.

Namba 18: mahindi.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akasema mwenye 17 anamshangaza, alipanda vizuri kisha akaporomoka. Alisema mtu mmoja hathibitishi kitu, labda ni ugonjwa, wataandika alama ya kuuliza. Nilikalia mikono yangu.  Mubarak alinipigapiga mgongoni, eti nisihuzunike.

Njiani Acayo alitembea kwa kunishika mkono. Tulipofika kwenye duka la Mubarak akaniita kwa jina la mwanetu, "Baba Ocira, mimi nilijua. Tangu siku povu la maziwa lilipopotea."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ulikuwa unakoroga na mluzi. Tangu niugue, sikuwa nimekusikia ukipiga mluzi."

Nililia palepale barabarani, mbele ya watu. Mubarak akaniletea maji na kile kiti.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sitagusa bahasha ya mtu tena. Nimeapa kwa Biblia, Acayo akiwa shahidi.

Daktari Babra ameanza utafiti mwingine. Safari hii ni unga wa mukene, wale dagaa wa ziwani, nusu ya wazee wanapata dagaa, nusu mahindi. Acayo amekubaliwa. Anasema siku ya kwaya itakuwepo na mwakani. Yeye ni namba 5, Mubarak namba 6. Leo nimeleta bahasha zote mbili moja kwa moja, zimefungwa kama zilivyotoka. Namba 6 nimempelekea mwenyewe.

Aliipokea akitabasamu. Aliinusa, akatabasamu tena.

Kwa nini atabasamu?

Jumatatu ijayo nitazichukua tena. Acayo ameficha birika. Lakini hata sufuria hutoa mvuke.