Tumbo Lenye Vyumba Vinne

Jumatatu, 12 Juni 1995
Wiki ya tatu ya kupasua maiti hapa chuo cha matabibu, Bariadi, na bado sijamgusa. Maiti ni mmoja tu, mzee aliyekosa ndugu wa kumzika. Kila asubuhi tunamwamkia shikamoo. Amri ya mwalimu wetu, Dokta Constantine. Mbinu yangu: mimi ni msomaji. Nashika kitabu, mwenzangu Violeth anashika kisu. Glovu zangu safi kabisa! Lakini formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inachoma macho, na kusimama kunachosha.

Jumanne, 13 Juni
Balaa! Ijumaa mtihani wa mdomo. Mmoja mmoja mbele ya maiti, wenzako wakitazama. Violeth kanishauri nije jioni nishike mwenyewe. Kujifanya mwalimu! Nikamjibu nina mipango yangu.

Alhamisi, 15 Juni
Nimeenda Dutwa kwa baiskeli, upepo usoni njia nzima. Masunga muuza nyama kanifundisha kwa ng'ombe: ini, figo, bandama, tumbo. Nimeshika vyote bila kutetemeka. Akauliza kama siku hizi udaktari nao umeachiwa watu binafsi, kama biashara ya pamba. Miguu imekwisha.

Ijumaa, 16 Juni
Nilianza vizuri. Nikaeleza kwamba tumbo lina vyumba vinne. Dokta Constantine akavua miwani, akauliza kama marehemu alikuwa akicheua. Violeth alicheka mpaka akatolewa nje. Nimeanguka. Marudio Jumatatu. Nikishindwa, narudi Mwamapalala kuchunga ng'ombe wa baba.

Jumamosi, 17 Juni
Violeth kanivuta mpaka mezani. Leo hakucheka. Akasema, "Mshike mkono kwanza, Mihayo. Ni mtu huyu."
Nikaushika. Kiganja kigumu, sugu za jembe. Kama cha baba. Nikatoka nje, nikalia. Nikarudi. Tukafuata mishipa ya fahamu toka kwapani hadi vidoleni, saa tatu nzima. Nimeijua mitano! Sijawahi kuchoka hivi.

Jumapili, 18 Juni
Mitano imebaki miwili. Violeth alitaka turudie baada ya misa, nikasingizia mgongo. Nimeandika majina yote mkononi kwa kalamu. Kesho navaa koti la mtumba, mikono mirefu. Violeth akanikuta, akaguna, akanikumbusha kwamba Dokta hukunjisha kila mtu mikono ya koti mpaka kwenye kiwiko.
Ananiona mjinga! Yote nimeyaandika juu ya kiwiko; koti likikunjwa, hayataonekana na mtu yeyote.